Saa Mbili

Nilimwandikia Veikko: kesho, saa mbili.
Niliandika tarakimu tu, 2,
kwa saa ya Mombasa, kama tulivyoafikiana.

Kumbe saa nane mchana alishaketi,
theluji dirishani, Oulu,
mbele ya kioo kisicho mtu.
Mimi niko Kibokoni juu ya mbuzi, nakuna nazi,
roho kunjufu: usiku bado.

Nafungua, nakuta jumbe tatu.
Uko wapi?
Uko?
Ya tatu, nukta tupu.

Nukta ile ilinichoma kuliko tusi.
Nikajibu kwa ukali:
sisi twahesabu tangu jua kuchwa,
ninyi tangu lipo utosini,
nani kakosea?

Nguyet wa Hue, ambaye vikaoni hasemi,
akachora saa mbili,
mishale mifupi imepeana kisogo,
akazibandika juu ya kazi yetu.
Chini yake swali:
hii programu ya foleni ya kliniki,
mama wa Likoni akiandikiwa 2, atakuja lini?

Tukanyamaa, watatu.
Kisha Veikko, kwa mara ya kwanza tangu Januari:
"Kwenu mnasemaje?"

Tulifumua siku nne za kazi.
Mwalimu Zumra, pale Tudor, akatukata alama tano za kuchelewa,
akarudisha mbili kwa ule mchoro.
Sikuteta.

Jana Veikko kanisalimu kwa Kiswahili:
"Saa mbili asubuhi!"
Umepatia, nikamwambia,
ila huku ishapita.
Ni saa tatu.