Baina ya Vidole

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu.
Changu ki ndani ya buti,
baina ya kidole cha mwisho na jirani yake,
hapo ngozi imekuwa nyeupe kama nazi iliyolowa,
imepasuka, inawasha,
usiku inaniamsha kama mtu anayenidai.

Saa kumi na mbili kila siku nalinda ghala Shimanzi
ndani ya buti za mpira za kampuni.
Kabla yangu zilivaliwa na Mwangolo,
na kabla ya Mwangolo, Mungu ajuaye.
Joto la Mombasa laingia humo, halitoki.
Nikizivua jioni, paka wa Bi Mwanatumu
huhamia ng'ambo ya ua.

Mtaa mzima ukawa na dawa.

Bi Mwanatumu kasema kitunguu saumu:
kiponde, kipake, kifunge na kitambaa.
Nikalala nacho. Asubuhi
ngozi imeungua, lengelenge limekaa kama lulu,
nami nanuka kama sufuria ya pilau
iliyosahauliwa baada ya harusi.

Karisa wa zamu ya usiku akaleta majani ya mkilifi
ndani ya mfuko wa unga.
"Chemsha hadi maji yakasirike,
yakipoa kidogo tia miguu, usiulize."
Nikatia. Ule uchungu,
naapa, niliuonja ulimini kupitia nyayo.
Mwasho ukapungua siku nne.
Ya tano ukarudi, na mizigo yake.

Siki ilinifanya niwataje marehemu kwa majina.
Mafuta ya nazi, ya kukamua mwenyewe Mwanasha,
yalituliza. Yalituliza tu,
kama mtu akwambiaye pole
huku ashaanza kuondoka.

Kijana wa duka la dawa, Mwembe Tayari,
hakutazama hata mguu. Aliuliza:
"Mzee, unakausha?"

Nikacheka.
Mara tano kwa siku naiosha miguu hii,
napitisha kidole kidogo baina ya vidole
kama nilivyofunzwa chuoni,
kisha natia soksi juu ya maji, nakimbilia zamu.
Miaka kumi na tisa
namwagilia bustani.

Akaniuzia na tyubu ya marhamu.
Nusu ya pesa bado ananidai.

Na Jumamosi ilikuwa inakuja.
Jumamosi ya kukaa mkekani mbele ya wanaume wote,
nimshike mkono mume wa binti yangu,
miguu wazi, viatu mlangoni.
Nilishawaza kusema nina homa.

Thureya ndiye aliyejua bila kuambiwa.
Kutwa anakausha nywele za watu, saluni ya Majengo;
usiku ule akarudi na mashine mkobani,
akakaa sakafuni, akaupakata mguu wangu.
"Baba, tanua."
Nikatanua
kama mtoto anayefunzwa kuhesabu.
Upepo wa vuguvugu ukapita bonde kwa bonde,
kidole hadi kidole,
na hakuziba pua.
Nilikuwa nautazama utosi wake,
palepale nilipokuwa nikimpaka mafuta akipiga kelele
kwamba namvuta.
Nilitaka kusema kitu.
Mashine ilikuwa na ngurumo, alhamdulillahi.

Akafanya hivyo usiku sita.
Wa saba alikuwa na hina mikononi,
akanielekeza kwa kidevu: "Hapo. Na hapo. Umeruka kimoja."

Mlangoni mwa msikiti nilivua viatu kama watu.
Havijapona vyote, sisemi uongo,
kile cha mwisho bado kina hasira zake.
Lakini vilikuwa vikavu,
nikavipanga juu ya mkeka, vyote kumi,
nikanyoosha mkono.

Buti nimeziacha nyumbani juu ya bati,
midomo wazi,
zinakunywa jua.