Jicho la Kushoto

Bati za nyumba zimekuja zina matairi,
ndivyo walivyosema Machomanne
nilipoishusha bandarini Mkoani: nyekundu, milango miwili,
pua chini kama paka anayenusa dagaa.
Upatu wa miezi kumi na minane.
Na mie mwenyewe ndiye niliyewaambia: mwezi wa saba naezeka.

Selika ya mwaka tisini na mbili.
Spidi imeandikwa mpaka mia na themanini;
barabara ya Wete inakupa hamsini,
na tuta la mbele ya skuli halikupi kitu.

Fundi Shaame aliizunguka mara tatu bila kuigusa.
Akalala chali chini yake, kimya,
akatoka na vumbi la kutu kwenye kope.
"Mwalimu, umenunua gari au umenunua kesi?"
Oili ilitoka nyeusi, nzito, halua iliyoungulia sufuriani.
Mkanda wa taimingi akaukunja, akanionyesha nyufa zake:
"Huu ungekatika njiani, usingenipigia mie.
Ungempigia sheha."

Nikafungua daftari.
Khatibu Faki, hesabu, kumi na tisa kwa mia.
Selika, oili, nusu lita kwa wiki.
Ukurasa mmoja, wino mmoja.
Wote wawili nawaambia: tutafika.

Nimejifunza kupanda tuta upande upande,
kama mtu anayepita mbele ya wakwe.
Nimejifunza kungoja injini ipate moto kabla ya kuidai,
na kuiacha ipumue kabla ya kuizima.
Kila Ijumaa naimwagia tumbo maji ya bomba,
kwani chumvi ya hapa haina haraka,
inakula taratibu, mpangaji asiyelipa wala asiyehama.

Msimu wa karafuu mikeka hutandikwa hadi ukingo wa lami.
Mie na gari yangu ya mashindano
tunapita kwa gia ya pili, vioo chini,
tusije tukakanyaga sare za mtoto wa mtu.
Kijana wa bodaboda hutupita akicheka.
Harufu hubaki kwenye viti mpaka Jumapili.

Lakini taa.
Taa zake hulala ndani ya boneti, ukiwasha huinuka.
Ya kulia huinuka.
Ya kushoto haitaki.
Watoto wakasema: gari ya Mwalimu inakonyeza.
Shangazi Mize akasema si adabu,
gari ya mwanamke kuwakonyeza watu watokao msikitini.
(Siku nilipompakia, magoti yalimfika kidevuni:
"Chombo chino, nnaketi au nnaoga?"
Hata hivyo hakukubali kushuka mpaka tufike Chake.)
Basi kila magharibi nasimama kando,
nafungua boneti, nazungusha kifundo kwa vidole viwili,
nalifungua taratibu,
jicho la mtoto aliyeamka na tongo.

Mvua ya vuli ilinikuta usiku, bila radi, bila salamu.
Nyumba ina kuta nne na mbingu yake.
Chumba ninacholala kina nailoni, na nailoni imechoka.
Turubai lilikuwa moja.

Sitasema nilifunika nini.
Asubuhi godoro lilikuwa ukutani linajianika,
na majirani, wanaojua kuhesabu bila mwalimu,
walihesabu.
Nikatia ufunguo. Ikawaka mara moja, kavu,
sauti nene, kama mtu aliyelala vizuri.

Nimeingia upatu mwingine.
Zamu yangu mwezi wa sita.
Nimewaambia wanawake wenzangu: bati, safari hii wallahi bati.
Fundi Shaame aliendesha mpaka Gombani na kurudi,
akanikabidhi ufunguo, akaangalia pembeni.
"Klachi," akasema.