Nakala ya Saa Tatu Usiku

Mimi si msimamizi wa kompyuta hii.
Msimamizi ni Asiligwa, yuko Kisumu.
Nywila anayo kichwani,
na kichwa chenyewe hakipokei simu.

Mimi ni Kadenyi, karani wa chama cha akiba,
Mbale, ghorofa ya pili, juu ya duka la mbolea.
Nikibonyeza chochote cha maana
kijidirisha hunirukia: Andika nywila ya msimamizi.
Bawabu aliyelala, mguu kaupitisha mlangoni.

Basi nikajifunza kupita palipo wazi.
Humo ndani mna ratiba, hata sisi wa kawaida tunayo:
unaiambia mashine, kila siku, saa tatu usiku,
chukua hivi, viweke kule.
Nikaiandikia mistari sita. Nikaikosea mara nne.
Ikaniuliza: Nifanye kazi hata usipokuwepo?
Nikasema ndiyo. Ikanikatalia.
Kuhesabiwa kazini na hupo,
hilo nalo ni la wakubwa.

Kwa hiyo jioni naondoka, lakini sitoki.
Nafunga skrini, jina langu siliondoi.
Kadenyi mmoja anabaki gizani, mikono magotini,
mwingine anapanda mlima na fungu la mrenda
akikwepa mawe, akihesabu nauli aliyookoa.
Saa tatu ninaposonga ugali
nasikia, ingawa haisikiki,
diski ikianza kuvuma peke yake.

Diski ziko mbili. Nilizinunua Luanda
kwa pesa zilizokuwa za viatu.
Moja hulala kazini, moja kwangu,
imefungwa kwa leso ndani ya kopo la mafuta.
Hupokezana zamu kama walinzi,
na kama walinzi, hazisalimiani.

Asubuhi, kabla ya chai, nasoma ripoti:
Zimenakiliwa: elfu moja mia mbili na nane.
Ruhusa imekataliwa: tatu.
Tatu zilezile. Folda ya Bodi.
Nilimwandikia Asiligwa: Hizo tatu nani anazitunza?
Akanijibu kwa picha ya kidole gumba.

Halafu Aprili. Huku kwetu radi haibishi hodi.
Ilishukia mlingoti wa ng'ambo, ikafuata waya,
ikapanda ngazi zetu ghorofa ya pili.
Tulikuta soketi nyeusi kama jino bovu,
mashine imekufa, na diski iliyokuwa zamu
imekufa nayo, imeshikilia.

Nikaenda nyumbani kuleta kopo.

Kwenye kompyuta ya kuazima, ya shule ya jirani,
wakatokea mmoja mmoja:
Jerida Kavosa, elfu mbili mia tano.
Mmbone wa ndizi, mia nane na senti zake.
Wapasua kokoto wa Kegoye, wote kumi na wanne,
hata yule aliyehama akiwa anadaiwa.
Palipungua siku moja tu.
Hiyo tuliiandika upya kutoka kwenye risiti,
nyingine zina alama za vidole vya samaki.

"Na folda ya Bodi?" akauliza mwenyekiti Vugutsa.
Yaani ile mikopo mikubwa.
Nikasema haimo.
Uso wake sikuujua,
kama ni wa matanga au wa sikukuu.
Kisha akakohoa: "Na wewe, ruhusa ya kunakili alikupa nani?"
Nikasema: Hakuna.
Nilichukua tu nilichoruhusiwa kugusa.

Asiligwa alifika Ijumaa, akaleta mashine mpya.
Alipokuwa akiondoka alitaka kuninong'oneza nywila.
Nikamwambia aiandike, aweke sahihi na tarehe.
Akacheka. Akaenda nayo.

Mistari yangu sita nimeirudisha.
Ripoti ya leo asubuhi:
Zimenakiliwa: elfu moja mia mbili na kumi na moja.
Ruhusa imekataliwa: moja.

Folda mpya. Haina hata jina.
Imefunguliwa jana, saa tano usiku,
na mtu aliyekuwepo.