Kisu Chenye Pete

Cha kwanza kilinyooka kama neno la hakimu.
Kilinitoka mkononi siku ya mvua, pale bandarini,
kikapita kati ya mbao mbili za gati, chubwi,
na ziwa halikurudisha hata chenji.
Cha pili kilitoboa gunia la mama mmoja wa Minova.
Nililipa kilo sita za maharagwe.
Sijazisahau kilo sita.

Kazi yangu ni kamba.
Boti zikitia nanga kutoka Goma na Idjwi
mimi ndiye nakata nyuzi za midomo ya magunia,
wateja wachote, watafune punje, walalamike,
kisha nashona upya.
Mkono wa kukata ndio huohuo wa kubeba.
Wa tatu sina. Mungu aligawa, akamaliza.

Nikapanda Kadutu kwa Zihalirwa mhunzi.
Hakutaja bei. Aliuliza:
"Ukikata, unasukuma au unavuta?"
Miaka kumi na moja sijawahi kujiuliza.
Nikakata hewa mbele yake, mara mbili.
"Navuta."
"Basi wamekuuzia visu vya watu wengine."

Akachukua resori ya Fuso
iliyokufa kwenye mteremko wa Nyangezi,
akaizika makaani, kijana wake akivukuta
mpaka chuma kikawa rangi ya papai.
Akakilaza kwenye pembe ya fuawe
akakigonga kidogo, akakigonga kidogo,
nacho kikajikunja bila kinyongo,
ukucha wa jogoo
anayejua kesi yake.

Mkiani akakiachia tundu.
"Lete kidole."
Nikampa kile cha pete, kwa mazoea.
"Siyo hicho, Nsimire. Cha shahada."

Sasa ncha inatazama ndani, kwangu,
haimchokozi mtu wala gunia.
Uzi ukiingia kwenye tao hauna pa kukimbilia:
navuta, unakatika, punje moja haidondoki.
Nikifungua kiganja nibebe,
chenyewe kinaning'inia kidoleni na kusubiri.
Mvua inyeshe. Mafuta ya mawese yamwagike.
Ziwa limekaa chini ya mbao zake, mdomo wazi.

Ombeni, anayeuza vocha, akakiona akaruka:
"Mama, hiki ni karambiti!"
Akanionyesha simuni, visu vya visiwa vya mbali,
mtu kavaa nyeusi, anavizungusha kama feni.
Nikamwambia babu yangu alikatia ndizi muhoro wa namna hiyo
na hakuvaa nyeusi hata msibani.
Aliomba akizungushe. Nikampa.
Shati lake lina doa mpaka leo.

Na askari wa lango:
"Hiki ni cha kuua nani?"
"Maharagwe, afande."
Alikishika muda mrefu kuliko swali lake.
Akakizungusha mara moja, polepole,
kama mtu anayejaribu kiatu asichoweza kukinunua,
akanirudishia bila kunitazama.

Nisiwadanganye. Hata mimi.
Jioni umeme ukikatika, nikipanda ngazi za udongo
pale ambapo mvua imekula nusu ya njia,
kidole changu kinaingia kwenye tundu bila kuitwa.
Sijamkata mtu. Sitaki kumkata mtu.
Ila zamani nilipita nikiwa nimebana ukuta,
na siku hizi napita katikati.

Pete ile nyingine niliiuza Nyawera,
mwaka Cirhuza alipokwenda kwenye machimbo ya Shabunda
akatuma salamu mbili, kisha moja, kisha hewa.
Alama yake kidoleni imeshafutika.
Kidole cha jirani kimeota sugu.

Ubaya wake ni kunoa tu.
Jiwe bapa haliingii kwenye tao,
tupa inaruka, inapiga kelele, majirani wanaamka.
Mwisho niligundua kikombe.
Nakunywa chai yote, nakigeuza kichwa chini,
na ule ukingo wa kauri usiopakwa rangi
naupitisha ndani ya tao, shii, shii,
huku boti ya kwanza inapiga honi
na sijavaa hata viatu.