Daftari la Tarmo

Tarmo ameyapanga makasha juu ya kioo cha kaunta
kama sonara apangavyo pete,
na mimi nimeingia na kucha zenye tope la viazi.
Ni Septemba hapa Kuhmo. Mibetula imegeuka njano kwa usiku mmoja.
Wiki tatu zimebaki msitu ufunguliwe
kwa wenye vibali.

"Hirvi si sungura," asema Oiva kando ya jiko la chuma,
mkononi kahawa asiyoilipia.
"Ni kilo mia tano za nyama na ukaidi,
pembe kama makoleo mawili.
Mpe tisa nukta tatu. Baba yako hakugusa kingine.
Taneli alikuwa dume."

Naishika moja. Baridi, nzito,
ganda lake nene kama kidole gumba cha baba.
Naishika nyingine, sita nukta tano,
nyembamba, ndefu,
kichwa kimechongoka kama penseli ya siku ya mtihani.
Nazipima, moja kila kiganja,
wala sijui hasa napima nini.

Bega langu linajua.
Bega halisomi majedwali ya kasi na uzito,
lina kumbukumbu yake.
Mwaka juzi liliogopa teke kabla teke halijaja;
nikafumba macho, kufumba kidogo tu,
kama mtu aliyeona vumbi likija,
na ile risasi kubwa, ya dume, ya Taneli,
ikaingia tumboni
badala ya nyuma ya bega.

Sitaki kusimulia.
Siku mbili, mimi na mbwa wangu Rusko,
tukifuata damu iliyochanganyika na majani
ambayo mnyama alikuwa hajamaliza kuyacheua.
Tulimkuta kwenye kinamasi, amelala, shingo juu,
anapumua kwa sauti ya mlango usiofungika.
Alinitazama bila chuki.
Angenichukia, ningelala usiku ule.

Nguvu ilikuwepo, Oiva. Nguvu tele.
Ilikosa tu pa kwenda.

Hayo sikuyasema. Nilisema, "Bado nafikiri,"
naye Oiva akacheka puani,
akaanza tena habari ya dume la mwaka ule wa theluji ya mapema,
jinsi baba alivyolilaza kwa moja,
hatua ishirini halikufika.

Tarmo akafuta miwani kwa ncha ya sweta.
Akainama chini ya kaunta, akatoa daftari lenye jalada la kijani,
akalifungua, akaligeuzia kwangu,
kidole chake kikashuka polepole ukurasani.

Taneli, kasha moja, tisa nukta tatu.
Taneli, kasha moja, tisa nukta tatu.
Kisha, kwa miaka sita ya mwisho wa uhai wake,
sita nukta tano. Sita nukta tano.
Na pembeni kila mara, kwa mwandiko wa Tarmo mwenyewe:
*za mke.*

Mama!
Mama aliyekuwa akimtoa buibui nje kwa bilauri na karatasi!
Ile bunduki yake nyembamba kabatini,
sisi watoto tulidhani ni pambo la arusi.

Basi madume yale sita tuliyoyasifu mezani,
mchuzi ukitutiririka kidevuni,
baba akipapasa bega lake na kusema, "Inapiga, hiyo tisa, inapiga" —
nyama haikusema kitu.
Wala mama, aliyekuwa akigawa viazi
na kuangalia sahani.

Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.
Ningecheka, lakini koo lilikuwa na jambo jingine.

"Makasha mawili," nikasema. "Ya penseli."
Tarmo akalamba ncha ya kalamu. "Niandike za nani?"
"Zangu. Irja. Andika jina zima."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, kengele inalia juu ya kichwa,
niliposikia kikombe kikiwekwa chini
na sauti ya Oiva, ndogo kuliko nilivyoizoea:
"Na mimi nipe kasha moja, Tarmo.
La mke."

Oiva hajawahi kuoa.