Saa Iliyorudishwa Nyuma

Manispaa haijafungulia joto.
Sheria ni sheria: siku tatu mfululizo za baridi
ndipo mvuke uruhusiwe kupanda ghorofa ya nne,
na sisi leo tuko siku ya pili,
tunakunywa chai na makoti mwilini
kama abiria waliosahauliwa stesheni.

Maboksi sita ya tufaha yameziba ukumbi.
Ni ya mti wa mama mkwe, Genovaitė,
aliyetuachia, mwezi wa Aprili, mti,
ufunguo wa kibanda, na daftari la mapishi
lenye mwandiko wa kuku.
Skaistė anamenya, anakata, anatia sukari kwa kubahatisha.
Nyumba nzima inanukia mdalasini,
hata soksi zangu za kiwandani.

Domas ana miezi kumi na mmoja.
Anasimama kwa kushikilia boksi,
anang'ata tufaha mara moja tu, anarudisha, anachukua jingine,
mpaka kila tunda lina muhuri wa meno manne.
Hatembei bado.
Jirani wa chini keshauliza mara mbili:
wake, eti, alitembea wa miezi tisa.
Na sasa yuko wapi? Yuko Norwei.
"Alianza mapema kuondoka," anasema Skaistė,
mlango ukishafungwa.

Jumanne Rusnė aling'oka jino.
Tulilitafuta ndani ya jamu kwa kijiko.
Desturi ya hapa ni kulitupa nyuma ya jiko la matofali,
panya alichukue, alete la chuma.
Sisi jiko la matofali hatuna.
Akafikiri, ulimi ukichungulia pengoni,
akalitumbukiza nyuma ya rejeta ya ukutani.

Saa nane za usiku kitu kikaamka mabombani:
kikaguguna, kikakoroma, kikagonga.
"Baba! Amekuja!"
Nikaweka kiganja juu ya chuma.
Vuguvugu.
Sikuwa na moyo wa kumtajia manispaa.

Jumapili saa zikarudishwa nyuma.
Nchi nzima ilipewa saa moja ya kulala bure;
Domas hakupata tangazo.
Tukakaa dirishani, mimi na yeye, kabla ya alfajiri,
chini ya taa ya barabara mti mmoja unapukutika
bila upepo, jani, kisha jani,
kama mtu anayevua nguo akiwa na usingizi.
Yeye aliyahesabu kwa kidole,
mimi kwa macho yanayofumba.
Saa ile haikuingia kwenye mshahara wa mtu.
Ningeulizwa, ningeinunua tena.

Novemba mosi tukaenda makaburini, kama wote,
na mishumaa ndani ya glasi nyekundu,
na brashi, na ndoo.
Foleni ya bombani ilikuwa ndefu;
mbele yangu mzee alijaza madumu mawili
na hadithi ya goti lake.
Niliporudi, Skaistė kajiziba mdomo kwa glavu
na Rusnė anarukaruka, anapuliza maneno kwenye pengo:
"Katembea! Hatua tatu!"
Tulipofika garini zilikuwa saba.
Mezani usiku, kumi na mbili.

"Kutoka wapi kwenda wapi?"
"Kutoka kwa mama kwenda kwa bibi."

Tukambembeleza arudie.
Tukamwonyesha funguo, biskuti, tufaha.
Bwana mkubwa ameketi katikati ya majani,
anatafuna moja la njano, anatutazama
kama karani ambaye dirisha lake limefungwa.

Basi nikainua ndoo kuosha jiwe.
Hapo topeni, karibu na mshumaa,
nikaona soli mbili ndogo, kisha moja,
iliyopinda,
pale alipoangukia herufi za jina lake.

"Upande huo usimwage," akasema Skaistė.

Nikazunguka.