Kopo la Biskuti

Genova, ghorofa ya tano, lifti haijawahi kuwako.
Nimepanda na koleo, bisibisi, soketi mpya ishirini na mbili,
na dada yangu Nives kwenye simu, akiuliza kila mara:
"Umefika jikoni?"

Jikoni ukuta una matundu ya aina mbili.
Membamba, matatu kwa mstari, ni ya taa.
Manene, matatu kwa mstari vilevile, ni ya friji na pasi.
Utotoni mwetu mita zilikuwa mbili mlangoni,
bili mbili,
na mwanga ulitozwa kodi kubwa kuliko baridi.
Ndiyo maana plagi ya taa ilinyimwa tundu la friji:
serikali iliandika sheria yake kwa unene wa pini.

Mama hakuwa mwizi.
Chenji ikizidi, alishuka ngazi zote kumrudishia muuza maziwa.
Lakini usiku, Baba akiwa zamu bandarini,
alichomoa friji,
akapachika kidude alichokiunga mwenyewe kwa utepe mweusi,
akatuita, akawasha taa ya kusomea
kwa umeme wa bei nafuu.
Tulisoma haraka. Siagi ilikuwa inalainika.

Kisha tukaanza kupungua mezani.
Nives alirudi Krismasi kutoka Zurich na kikausha nywele
chenye pini tatu, ya kati imejitenga kidogo
kama mtu aliyenuna.
Elio akaja kutoka Leeds na plagi ya miguu bapa,
nzito kama tofali; Baba aliikanyaga gizani
akawataja watakatifu wote, bila heshima.
Fausto alileta picha ya soketi ya Kopenhagen,
macho mawili na mdomo unaocheka.
Mama aliitazama sana.
"Basi huko hata ukuta unafurahi kumwona."

Kila mgeni alidai adapta yake.
Mama alizitunza kwenye kopo la biskuti,
kila moja imebandikwa plasta ya kidonda,
na juu ya plasta, kwa kalamu, si jina la nchi.
Jina la mtoto.

Nimelimwaga kopo mezani. Nives. Elio. Fausto, mara mbili.
Namtafuta Corrado. Simwoni.
"Wewe hukwenda popote," anasema Nives,
"adapta ya nini?"
Kweli. Pini zangu ni za ukuta huu huu.
Chini kabisa kimebaki kile kidude cha utepe mweusi,
gundi imekauka, hakina jina la mtu.

Soketi za siku hizi hupokea nyembamba na nene,
hata ile ya duara ya Wajerumani. Hazimuulizi mtu anakotoka.
Nimefunga ishirini na moja.
Iliyo nyuma ya friji nimeipangusa vumbi tu.

"Umemaliza?"
Bado, namwambia.
Nimesimama na plagi ya friji mkononi,
najaribu kukumbuka
siagi ilitupa kurasa ngapi.